Kurudi kazini huku ukiendelea kuwasomesha watoto nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mama anayewasomesha watoto wake nyumbani, ambaye matumizi ya familia yameupita uwezo na sasa anafikiria kurudi kazini. Baba anayesomesha anaweza kuutumia vilevile. Tumeanza na pesa, kisha kazi, kisha masomo, kwa kuwa ndivyo maswali haya yanavyofuatana katika nyumba nyingi. Kama una haraka, soma kwanza majibu mawili: la kupima pengo la fedha na la saa za kusomesha. Maamuzi mengine karibu yote yanasimama juu ya hayo.

Nikipata kazi, ni lazima niwarudishe watoto shule?

Hapana. Shule hupanga siku ya saa 6 au 7 kwa sababu mwalimu mmoja ana wanafunzi wengi: kuna kuita majina, kutuliza darasa, kugawa madaftari, kumsubiri wa mwisho amalize. Nyumbani muda huo wote haupo. Kinachokufa ukianza kazi ni ratiba ya asubuhi mliyoizoea, na hicho unaweza kukizika bila hofu. Familia nyingi zinazoshindwa ni zile zinazojaribu kubeba ratiba ya zamani nzima na kuipachika juu ya kazi mpya.

Kabla ya yote, hakikisha sheria ya nchi unayoishi inadai nini hasa. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, lakini kila nchi inaitafsiri kwa namna yake. Ujerumani inawataka watoto wahudhurie shule isipokuwa kwa sababu chache sana. Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50, ila masharti yanatofautiana: kuna jimbo linalotaka rekodi na upimaji, na kuna jimbo lisilotaka hata taarifa. Uliza mambo matatu: je, kuna idadi ya siku au saa zinazotakiwa, je, lazima mzazi mwenyewe ndiye afundishe, na rekodi gani zinaweza kukaguliwa. Sehemu nyingine sheria haisemi chochote kuhusu saa, hivyo somo la saa 12 jioni au la Jumamosi ni halali kabisa.

Nitajuaje pengo letu la fedha ni kubwa kiasi gani?

Usitafute kazi kabla hujaijua namba hii, maana ndiyo itakayokuambia unahitaji kazi ya siku nzima au ya saa chache.

Toa taarifa za benki na za pesa kwenye simu za miezi 3 iliyopita. Kila kilichotoka kiandike chini ya mafungu manne: kisichokwepeka (kodi ya nyumba, umeme, maji, marejesho ya mikopo), kinachopanda na kushuka (chakula, nauli, mafuta, vocha), kinachokuja mara chache kwa mwaka (bima, leseni, ada za mitihani, matengenezo ya gari) na kisichojulikana kilikwenda wapi. Fungu la tatu ligawe kwa 12 ili upate mzigo wake wa kila mwezi. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika: bajeti inaonekana imekaa sawa kwa miezi 9, kisha bima inafika na kila kitu kinaanguka.

Upande wa mapato, kama kipato cha mwenzako hakitabiriki, usitumie wastani wa mwaka. Chukua miezi 3 mibaya zaidi kati ya 12 iliyopita, tafuta wastani wa hiyo, na upangie maisha hapo.

Sasa kata kinachoweza kukatwa mwezi huu huu bila kumuumiza mtu. Matumizi yanayobaki baada ya kukata, ukitoa mapato yenu, ndiyo pengo halisi. Ongeza sehemu ya kumi juu yake kwa ajili ya vitu vitakavyopanda bei. Iandike namba hiyo mahali mtakapoiona wote wawili.

Kazi ikinilipa, mwisho wa mwezi kitabaki kiasi gani?

Kidogo kuliko mshahara ulioandikwa kwenye barua. Tuseme mshahara ghafi ni 100. Makato ya kodi na hifadhi ya jamii yakiwa 18, mkononi inaingia 82. Sasa toa gharama za kwenda kazini: nauli 11, malipo ya anayebaki na watoto 25, chakula cha kununua kwa sababu hakuna aliyepika 7, mavazi na simu 4, na masomo unayolipia kwa kuwa huna tena muda wa kuyafundisha mwenyewe 6. Jumla ni 53. Kilichobaki ni 29.

Linganisha na nusu siku. Mshahara ghafi 50, makato 6, mkononi 44. Nauli 6, mlezi 5 kwa sababu baba au bibi anaziba saa nyingi, chakula 2, mavazi na simu 3, masomo ya ziada hakuna. Jumla 16, kinabaki 28. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Lakini mwelekeo huu hujitokeza mara nyingi sana: watoto wakiwa wadogo, nusu siku inaweza kuacha karibu sawa na siku nzima, na inakuachia jioni yenye nguvu.

Kuna upande wa pili ambao si haki kuuficha. Kazi ya kudumu inaweza kuja na bima ya afya, michango ya pensheni, likizo yenye malipo na nafasi ya kupanda cheo. Kama familia haina bima, thamani ya bima hiyo iingize kwenye hesabu kama mapato. Gharama ya mlezi nayo hupungua kila mwaka mtoto anavyokua, wakati mshahara hubaki au hupanda.

Kazi za aina gani zinaendana na kusomesha nyumbani?

Tazama saa kabla ya kutazama mshahara. Muulize mwajiri: ratiba ya zamu hutolewa siku ngapi kabla? Naweza kubadilishana zamu na mwenzangu? Saa za ziada ni hiari au lazima? Mtoto akiugua utaratibu ni upi? Kazi yenye zamu zinazojulikana wiki 2 mbele, hata za jioni au mwisho wa wiki, ni bora kuliko kazi ya asubuhi ambayo meneja anaweza kukupigia simu usiku na kukuhamisha.

Zamu za jioni zinafaa kama mwenzako yupo nyumbani baada ya saa 11. Siku 3 ndefu za saa 12 zinafaa pia, kwa sababu zinakuachia siku 4 kamili za kusomesha. Zamu za usiku mzima zinavutia kwa kuwa mchana unaonekana uko wazi, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Ukitoka kazini saa 1 asubuhi na kuanza hesabu na watoto saa 2, ndani ya wiki chache utakuwa unawafokea kwa makosa madogo na kusinzia barabarani. Ukichukua kazi ya usiku, masomo yahamie saa 9 alasiri baada ya wewe kulala, na lazima awepo mtu mzima mwingine aliye macho wakati umelala.

Kazi ya kufanyia nyumbani si ndiyo suluhisho?

Inategemea kama unapimwa kwa kazi uliyomaliza au kwa muda uliokaa mtandaoni. Kutafsiri, kuhariri, kutunza vitabu vya hesabu, kushona kwa oda: hizi unaweza kuzisukuma alfajiri au usiku. Kupokea simu za wateja au vikao vya video siku nzima ni kazi ya ofisini iliyohamishiwa sebuleni, na mtoto wa chini ya miaka 7 anahitaji mtu mwingine wa kumtazama wakati huo. Mwajiri mwingine huweka sharti hilo kwenye mkataba, usome.

Jihadhari pia na matangazo yanayokutaka ulipe kwanza: ada ya usajili, ya mafunzo, ya vifaa. Mwajiri wa kweli hamtozi mtu pesa ili amwajiri. Matapeli wanajua kuwa mama aliye nyumbani na anayehitaji pesa kwa haraka ni rahisi kumnasa.

Kusomesha kunahitaji saa ngapi kwa siku, kwa kweli?

Kwa mtoto mmoja anayefundishwa ana kwa ana, makadirio haya hutosha: miaka 6 hadi 8, saa 1 na nusu hadi 2, miaka 9 hadi 11, saa 2 na nusu hadi 3, miaka 12 hadi 14, saa 3 hadi 4, miaka 15 na kuendelea, saa 4 hadi 5. Hizo ni saa za mtoto. Saa zako ni chache zaidi: wa miaka 7 anakuhitaji karibu muda wote, wa miaka 10 nusu yake, wa miaka 14 anakuhitaji dakika 30 hadi 45 za kukagua, kuelekeza na kuuliza maswali.

Masomo mafupi hayana ubaya wowote. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye familia nyingi za elimu ya nyumbani bado zinamfuata, aliwapa watoto wadogo vipindi visivyozidi dakika 20, akisisitiza umakini kamili ndani ya muda huo. Na tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba kujifunza kidogo kidogo kwa siku nyingi kunakaa kichwani kuliko kulundika siku moja. Dakika 20 za hesabu kila siku zinashinda saa 2 za Jumamosi.

Basi wiki itakaaje?

Wiki ina saa 168. Toa 49 za usingizi, 50 za kazi pamoja na safari, 21 za kazi za nyumbani, 14 za kula na kuoga. Zinabaki 34. Ukitumia 12 kusomesha, bado una 22 za ibada, ndugu, mapumziko na mambo yasiyotarajiwa. Inawezekana, lakini haina nafasi ya kupoteza saa 2 kila jioni mkiulizana leo tunafanya nini.

Mfano wa familia yenye watoto wa miaka 8 na 12, mama akiwa kazini saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa:

Saa 12:15 hadi 12:45 asubuhi, mama na mdogo wanasoma kwa sauti na kufanya hesabu, mkubwa anaandaa chai. Wa miaka 8 asubuhi akili yake imetulia, jioni amechoka, hivyo kipindi chake kigumu kabisa kiwe hapa. Mchana, chini ya mlezi, mkubwa anafanya kazi iliyopangwa kwenye kadi yake ya siku, mdogo anasikiliza kitabu cha sauti, anachora, anaandika sentensi 5 na kucheza nje. Saa 11:30 hadi 12:15 jioni mama anakagua kazi ya mkubwa na kufundisha jambo moja jipya. Saa 1:30 usiku baba anawasomea wote historia au sayansi kwa dakika 30. Jumamosi asubuhi, saa 3 hadi 5:30, ni majaribio ya sayansi, insha na chochote kinachohitaji meza kubwa na mama asiye na haraka. Jumapili hakuna masomo kabisa. Kwa mdogo, saa za mama kwa wiki nzima ni kama 5. Kwa mkubwa, kama 6.

Jumatano jioni iache wazi makusudi. Kila wiki kuna siku moja inayoharibika, na ukiwa umeshaitengea nafasi hutakaa ukilipa kiporo hadi mwezi unaofuata.

Nipunguze masomo yapi?

Matatu hayaguswi: hesabu, kusoma, kuandika. Haya hujengwa juu ya yaliyotangulia, na pengo la miezi 6 katika sehemu au migawanyo humfuata mtoto hadi aljebra. Historia, jiografia, sayansi, sanaa na muziki yaweke kwenye mzunguko badala ya ratiba ya siku: andika orodha, fanya linalofuata kila mnapopata nafasi, weka alama, endelea. Somo lililokosa Jumanne halipotei, linakuwa la kwanza Alhamisi. Kwa watoto waliopishana umri, masomo ya mzunguko wafundishe pamoja kutoka kitabu kimoja. Mdogo asimulie, mkubwa aandike.

Kinachoweza kuachwa bila majuto ni kurasa za mazoezi ya jambo ambalo mtoto ameshalielewa. Akipata 9 kati ya 10 mara 2 mfululizo, songa mbele.

Namzoeshaje mtoto kujisomea bila mimi kukaa pembeni yake?

Hapa ndipo mpango mzima hubebwa au huangushwa, na inahitaji wiki 4 hadi 6 kabla hujaanza kazi. Usianze siku unayoripoti kazini.

Wiki ya kwanza, mwandikie kadi moja kwa siku. Isiandikwe "fanya hesabu". Iandikwe: "Hesabu, ukurasa 42, swali la 1 hadi la 8, daftari la kijani. Ukikwama zaidi ya dakika 5, zungushia namba, nenda swali linalofuata." Kila mstari uwe na kisanduku cha kuweka alama. Kila kinachohitajika kwa siku hiyo, kitabu, daftari, penseli iliyochongwa, rula, kiwe ndani ya trei au boksi moja tangu usiku. Mtoto anayeinuka kutafuta kifutio hachelewi kwa kifutio. Anachelewa kwa yote aliyokutana nayo njiani.

Wiki ya pili, kaa chumba hicho hicho lakini ukifanya shughuli yako, na usijibu swali kabla hajasoma maelekezo mara 2. Wiki ya tatu, hamia chumba kingine, ukague kila baada ya dakika 20. Wiki ya nne, ondoka nyumbani kwa saa 1 huku mtu mzima mwingine akibaki, kisha saa 2, kisha nusu siku.

Majibu ya hesabu mpe mwenye miaka 10 na zaidi ajisahihishe kwa kalamu nyekundu, isipokuwa swali la mwisho ambalo utalisahihisha wewe. Akinakili majibu utalijua pale pale: muombe akuoneshe swali moja ubaoni. Wengi wanaonakili si wavivu. Wamekwama siku 3 zilizopita na wakaona haya kusema, ndiyo maana vile viduara vya maswali magumu vina thamani kubwa. Jioni anza na viduara, kabla ya kugusa alichopatia.

Usitegemee kujisomea kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma vizuri. Yeye anahitaji mtu, na mchana wake uwe wa michezo, hadithi na kazi za mikono.

Nani abaki na watoto?

Anza na zamu baina ya wazazi wawili, kisha ndugu, kisha familia nyingine inayosomesha nyumbani. Kubadilishana na familia nyingine kunafanya kazi kama hesabu iko wazi: wewe unakaa na watoto wote Jumamosi, yeye Jumanne. Andikeni saa, nani analisha, mtoto akiugua inakuwaje, na notisi ya wiki ngapi mtu akitaka kujitoa. Urafiki mwingi umevunjika kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Mlezi wa kulipwa mweleze kwamba kazi yake ni usalama, chakula na kuhakikisha kadi imefuatwa. Si kufundisha. Ukimtaka afundishe, huyo ni mwalimu, mlipe kama mwalimu.

Kuhusu kuwaacha peke yao: baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, sheria haitaji umri kamili, lakini kumwacha mtoto katika hali ya hatari ni kosa. Mtoto wa shule ya msingi asiachwe siku nzima, na wa miaka 12 asifanywe mlezi wa mdogo wake kwa saa 8 kila siku. Ataacha kusoma yeye.

Vifaa vya masomo vinakula pesa. Nipunguzie wapi?

Acha kununua mtaala mzima kwa boksi. Nunua kitabu cha hesabu cha ngazi ya mtoto, kipya au kilichotumika, na mengine tafuta bure. Tovuti ya Khan Academy ina hesabu na sayansi bila malipo. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo haki zake zimeisha, na LibriVox ina vitabu vya sauti vilivyosomwa na watu wa kujitolea. Kama intaneti ni ghali, programu ya Kolibri ya shirika la Learning Equality hufanya kazi bila mtandao baada ya kupakua masomo mara moja. Vingi vya hivi ni vya Kiingereza. Kwa kusoma na kuandika Kiswahili, maktaba na vitabu vya mkono wa pili bado ndiyo njia nafuu.

Gharama iliyojificha ni kuchapisha. Wino wa printa unaweza kuzidi bei ya kitabu. Mtoto anakili swali kwenye daftari.

Tuna madeni. Mshahara mpya uende wapi kwanza?

Kwanza vinavyowaweka salama: nyumba, chakula, umeme na maji, usafiri wa kwenda kazini. Pili, madeni ambayo yakikosewa mnapoteza kitu, kama mkopo uliowekewa dhamana ya nyumba au gari. Tatu, yenye riba kubwa zaidi.

Riba ya mwezi hudanganya macho. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini deni la 1,000 lisiloguswa, riba ikipanda juu ya riba, linafika takriban 3,138 baada ya miezi 12. Mikopo midogo ya simu mara nyingi iko kwenye kundi hili, hasa ukijumlisha ada zake. Zima mkopo mmoja baada ya mwingine, na kamwe usikope mmoja kulipa mwingine bila kuwa na hakika kwamba riba ya mpya ni ndogo.

Mpigie mkopeshaji kabla hujachelewa, usingoje akutafute. Mwambie kiasi unachoweza na tarehe, na omba makubaliano kwa maandishi. Muulize kama kurefusha muda kunaongeza jumla ya riba, maana karibu daima kunaongeza. Na usiahidi kiasi ambacho bajeti yako haikibebi: ahadi ya pili ikivunjika, mlango wa mazungumzo hufungwa.

CV yangu ina pengo la miaka. Niandike nini?

Usilifiche. Andika miaka na kazi kama kazi nyingine yoyote: "2017 hadi 2025: Mwalimu wa elimu ya nyumbani", ikifuatwa na mistari 3 au 4 ya mambo unayoweza kuyathibitisha. Mathalani: kuandaa na kufuata mpango wa masomo kwa watoto 3 wa ngazi tofauti, kutunza rekodi na bajeti ya mwaka, kuratibu masomo ya pamoja ya familia kadhaa. Usiandike kwamba wewe ni "meneja wa familia". Waajiri wengi huona hayo ni kujikweza, na yanafunika ujuzi wako wa kweli.

Kisha onesha kwamba mikono haijapoa. Kama taaluma yako ina leseni, iulizie leo, kwa sababu kuihuisha kunaweza kuhitaji saa za mafunzo, mtihani au mazoezi chini ya usimamizi, na kuchukua miezi. Kama haina, fanya kozi moja fupi ya programu zinazotumika sasa kwenye fani yako na upate mdhamini mmoja wa karibuni: mratibu wa kundi, kiongozi wa shughuli ya kujitolea, mteja mdogo.

Kwenye usaili, swali la pengo lijibu kwa sentensi mbili na urudi kwenye kazi: "Nilichukua miaka hiyo kuwasomesha watoto wangu. Sasa mpangilio wa nyumbani umekaa sawa na niko tayari kwa zamu hizi." Usianze kueleza shida za pesa wala kuomba radhi. Kama mwajiri haulizi kuhusu watoto, huna wajibu wa kumsimulia ratiba yao.

Mume wangu anasema anakubali, lakini kazi za nyumbani zote bado ni zangu.

Kukubali kwa mdomo hakuoshi vyombo. Andikeni kazi zote za wiki, hata zisizoonekana: kukumbuka chanjo, kununua sabuni, kukagua nguo zilizobana. Kila kazi ipate mwenyewe mmoja, tangu kuikumbuka hadi kuimaliza. "Nitakusaidia" maana yake bado wewe ndiye unayekumbuka. Baba achukue pia somo moja lililo lake kabisa, si kukagua tu. Watoto wa miaka 6 na zaidi wana kazi zao, na wa miaka 10 anaweza kupika chakula kimoja rahisi kwa wiki akisimamiwa.

Watoto tuwaambie nini kuhusu pesa?

Ukweli unaolingana na umri wao, bila kuwabebesha. "Mama ataanza kazi ili tulipe mahitaji yetu. Masomo yanaendelea, ratiba inabadilika. Atakayekaa nanyi ni fulani." Wa miaka 13 anaweza kuoneshwa bajeti yenyewe, na ni somo zuri la asilimia. Usiwaambie kiasi cha deni ukiwa umekasirika.

Vipi kuhusu mitihani ya taifa au ya kimataifa?

Anza mapema kuliko unavyodhani. Mtahiniwa wa kujitegemea hujisajili kupitia kituo, na dirisha hufungwa miezi kadhaa kabla. Kwa mitihani ya Cambridge, familia haijisajili moja kwa moja. Lazima ipate shule au kituo kinachokubali watahiniwa wa nje. Uliza ada ya kituo juu ya ada ya mtihani, kwa kuwa ni vitu viwili, na vyote viingie kwenye lile fungu la kugawa kwa 12. Epuka masomo yenye kazi ya mradi inayosahihishwa na mwalimu wa kituo, maana vituo vingi havimpokei mtahiniwa wa nje kwa hayo. Katika sayansi za IGCSE, mitihani ya Cambridge ya ngazi ya sekondari, upo mtihani wa maandishi unaochukua nafasi ya maabara. Uliza kama kituo chako kinautoa.

Nitajuaje kuwa mpango haufanyi kazi, na nifanye nini?

Upe wiki 6, kisha tazama vitu hivi: viduara vya hesabu vinaongezeka wiki hadi wiki, mtoto aliyekuwa anapenda kusoma amegoma, unalala chini ya saa 6 zaidi ya siku 3 kwa wiki, au pengo la fedha halijapungua ingawa unafanya kazi. Kimoja kikitokea, badilisha kitu kimoja tu, iwe zamu, mlezi au idadi ya masomo, na usubiri wiki 3. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Vikitokea vitatu au vinne kwa pamoja, shule kwa mwaka mmoja au miwili ni uamuzi halali, na mtoto hajapoteza chochote mlichomjengea. Unaweza kumpeleka mmoja na kubaki na mwingine. Ingieni mwanzo wa muhula ikiwezekana. Peleka cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, orodha ya vitabu alivyomaliza, na sampuli 2 au 3 za kazi zenye tarehe kwa kila somo. Omba apimwe kabla ya kupangiwa darasa. Kama ratiba ya muhtasari wa shule ni tofauti na yenu, omba orodha ya mada za muhula huo na utumie wiki 2 kuzipitia naye. Mzoeshe mapema mambo mawili ambayo nyumbani hayakuhitajika: kufanya jaribio kwa muda uliopangwa, na kunakili kutoka ubaoni kwa kasi ya darasa.